Kipaji na Mapenzi: Kijana Wetu Asomee Nini Chuoni?

(Mazungumzo mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi)



Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halihusiani na mizani wala ghala. Lakini tukilitafakari tutaona kuwa linahusiana navyo sana. Kila mwaka sehemu kubwa ya malipo ya kahawa ya wanachama wetu hutoka vijijini kwenda kulipa karo za vyuo. Fedha hiyo ikimfikia kijana aliyechagua vyema, kaya imeweka akiba. Ikimfikia kijana atakayeacha masomo katika mwaka wa pili, jasho la misimu kadhaa limepotea, na wadogo zake watalipia hasara hiyo kwa kukaa nyumbani.

Swali huulizwa hivi: je, kijana achague fani anayoipenda, au achague ile ambayo amejaliwa kuwa na kipaji nayo? Vijana wengi husema mapenzi kwanza. Wazee wengi husema kipaji kwanza. Rai yangu ni kwamba kipaji na mapenzi, vyote viwili, ni madai tu mpaka vimepimwa kwa kazi. Anayechagua kabla ya kupima anacheza bahati nasibu kwa fedha ya shamba.

Sisi wakulima tunalielewa jambo hili vizuri. Arabika hustawi katika miinuko ya Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi. Kagera inajulikana zaidi kwa Robusta. Mkulima hapandi kwa kufuata matamanio yake peke yake. Hutazama kwanza ardhi inakubali nini. Kipaji ni kama udongo, na mapenzi ni kama palizi. Udongo mzuri usiopaliliwa huzaa magugu. Palizi ya bidii juu ya mwamba huzaa malengelenge ya mikono.

Nianze na kipaji. Mara nyingi tunakisoma katika alama za mtihani, na alama ni ushahidi wenye thamani. Hata hivyo tujihadhari. Mtoto aliyesoma Fizikia katika shule isiyo na maabara, au iliyokaa muda mrefu bila mwalimu wa somo hilo, hajapimwa bado. Alama yake duni yaweza kuwa ni ya shule, wala si yake. Kadhalika yuko aliyepata alama nzuri kwa kukariri, ambaye chuoni atatakiwa kufikiri. Kwa hiyo, pamoja na kutazama cheti, tuulize: ni kazi gani ambayo kijana huyu huifanya vizuri kwa taabu ndogo kuliko wenzake?

Nije kwenye mapenzi. Hapa swali ni moja: kijana anapenda kazi, au anapenda heshima ya kazi? Shahada ya udaktari wa binadamu nchini mwetu ni miaka 5, na baada yake mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Anayetaka kuwa wakili humaliza shahada ya sheria, kisha hupita katika Shule ya Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Anayependa koti jeupe au joho jeusi, lakini hapendi kukesha na wagonjwa wala kusoma hukumu ndefu, atachoka njiani.

Tena mapenzi hayaji yakiwa yamekomaa. Mwaka 2018 wataalamu Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya jambo hili. Waliona kwamba watu wanaoamini kuwa mapenzi ya mtu ni kitu kilichokwisha kukamilika ndani yake, kinachongoja kugunduliwa tu, hupoteza hamu upesi zaidi somo linapokuwa gumu, kuliko wale wanaoamini kuwa mapenzi hukuzwa. Mkahawa nao hauzai mwaka unaopandwa. Hungojewa miaka mitatu hivi. Kijana asiikimbie fani kwa sababu ya ugumu wa muhula wa kwanza.

Lipo na jambo jingine la kuwatuliza vijana wetu. Si kila tunachokipenda kilazimike kuwa ndiyo fani ya chuoni. Shaaban Robert, ambaye maandishi yake yanasomwa mpaka leo mashuleni, alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, akianza katika idara ya forodha mwaka 1926. Ukarani ulimpa riziki, nao haukumzuia kuwa mshairi mkuu. Apendaye muziki na kujaliwa hesabu hajaukana muziki akisomea uhasibu.

Na sisi wazazi tujichunguze. Tunapenda kusema: samaki mkunje angali mbichi. Methali hii ni ya kweli katika malezi na adabu. Lakini samaki ukimkunja hubaki ni samaki. Hageuki kuwa ndege. Mzazi anayetaka mhandisi kwa sababu jirani anaye mhandisi hapimi kipaji wala mapenzi ya mwanawe, bali anapima wivu wake.

Sasa kijana apimwe vipi? Napendekeza vipimo vitatu.

Kwanza, kazi ya likizo. Anayetaka uhasibu akae na karani wetu msimu wa ununuzi, ajumlishe stakabadhi mpaka hesabu zikubaliane. Anayetaka uhandisi aende gereji. Anayetaka kilimo ashinde na bwana shamba. Wiki 4 za kazi zitasema mengi kuliko miaka 4 ya maneno.

Pili, amtafute mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, amwulize ni sehemu gani inayochosha zaidi. Kijana akiweza kuivumilia sehemu hiyo, mapenzi yake yana mizizi.

Tatu, asome mapema masharti ya kujiunga, ambayo Tume ya Vyuo Vikuu huyatoa katika mwongozo wake. Wengi hudhani uchaguzi hufanywa wakati wa kujaza fomu za chuo. Sivyo. Hufanywa wakati wa kuchagua tahasusi baada ya kidato cha nne. Aliyeacha Kemia na Biolojia hapo, mlango wa udaktari ameufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Ikiwa baada ya vipimo hivyo kipaji na mapenzi bado vinavutana, ushauri wangu ni huu. Pale ambapo uwezo unatosha katika fani zote mbili, kijana afuate mapenzi, kwa maana ndiyo yatakayomwamsha alfajiri. Pale ambapo uwezo umejaribiwa kwa haki na haukutosha, afuate kipaji, na mapenzi ayatafutie nafasi nyingine maishani. Wala tusimhesabu kuwa ameshindwa kijana ambaye kipaji chake kiko mikononi, akaenda chuo cha ufundi stadi. Mashine zetu za kukoboa zinamhitaji.

Ndugu Wajumbe, namaliza kwa ombi. Chama chenye mfuko wa elimu kisitoe msaada kwa barua ya maombi peke yake. Kamati imwite kijana pamoja na mzazi wake, imwulize amefanya kazi gani ya kujaribu fani yake na ameona nini ndani yake. Mahojiano ya nusu saa yaweza kuokoa karo ya miaka 3. Tunapopokea kahawa hatukubali gunia kabla ya kulipima. Tusiwapeleke watoto wetu chuoni kwa kukisia.