Karela, Manjano na Kidonge cha Kisukari



Tumeombwa kuzungumzia kisukari. Tumechagua swali linaloulizwa karibu kila nyumba: je, mimea ya jikoni mwetu, ikitumiwa pamoja na dawa za hospitali, yaweza kuilinda mishipa ya damu?

Ndani ya kila mshipa mna utando mwembamba utoao gesi ya naitriki oksaidi, ambayo huulegeza mshipa ili damu ipite kwa wepesi. Sukari ikizidi kwa miaka, utando huo huchakaa, mshipa hukakamaa. Ndipo macho, figo, miguu na moyo hudhurika.

Wanaodhani kwamba mti na kidonge ni mahasimu hawaijui nasaba ya metformini. Chimbuko lake ni utafiti wa viini vya Galega, mmea uliotumiwa kale na waganga wa Ulaya. Mwaka 1957 tabibu Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza matumizi yake kwa wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba, miongoni mwa wagonjwa wanene, waliopewa metformini walipungukiwa na shambulio la moyo kwa 39% kuliko waliotegemea hasa mlo.

Sasa wataalamu wanaijaribu pamoja na viini vingine, kama kurkumini ya manjano. Kwa panya wa maabara matokeo yanatia moyo. Kwa binadamu ushahidi ungali mchache. Tena kurkumini huingia katika damu kwa shida, ila ikisaidiwa na piperini ya pilipili manga. (Mama zetu, watiao vyote viwili katika mchuzi mmoja, hawakuingoja maabara!)

Linalotusikitisha ni ndugu wanaoacha vidonge wakategemea maji ya karela, na wengine wanaovichanganya kimya kimya. Karela na uwatu huweza kushusha sukari. Vikikutana na glibenklamidi, sukari yaweza kuporomoka, hasa siku ya kufunga: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Mchuzi wenye manjano hauna neno. Bilauri ya karela kila alfajiri ni dawa, na daktari hana budi kuijua.

Basi mwendapo kliniki, chukueni vidonge vyenu vyote, na chupa ya karela pia.