Pampu ya Dawa katika Maji ya Kisima: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kumlipa Fundi



Wengi wenu mna visima virefu majumbani, au mnachota katika kisima cha mtaa, na mmeshauriwa kufunga ile pampu ndogo inayotia klorini ndani ya bomba kidogo kidogo. Shauri hilo ni jema. Lakini pampu hiyo ikifungwa vibaya huweza kuwanywesha watu dawa badala ya maji.

Nilipata kuitwa mahali ambapo pipa la dawa lilikuwa limewekwa juu ya jukwaa, juu kuliko bomba. Usiku pampu ya kisima ilizimwa, maji ya bombani yakarudi chini, na katika kurudi kwake yakavuta dawa iliyokuwa pipani. Asubuhi mama mmoja alifungua bomba, harufu ikamchoma macho. Tushukuru kwamba harufu ilimwahi kabla hajanywa.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwuliza fundi ni vali. Pale dawa inapoingia bombani pawe na vali yenye springi, isiyoruhusu maji kurudi wala dawa kuvutwa. Pipa likae chini, na pampu ifungwe ukutani kando yake. Isikae juu ya mdomo wa pipa, kwani mvuke wa klorini hula chuma na nyaya. Mrija wa kunyonya uwe mfupi, na ncha yake yenye kichujio iinuliwe kidogo kutoka chini ya pipa ili isinyonye machicha. Umeme wa pampu ya dawa uunganishwe na ule wa pampu ya kisima, moja ikizimika na nyingine izimike. Fundi akisema utaizima mwenyewe kwa mkono, usikubali. Siku moja utasahau.

Sasa kipimo, ambacho mafundi wengi hukikisia. Tuchukue mfano: kisima kinatoa lita 5,000 kwa saa, na maji yamepimwa yakaonekana kuhitaji miligramu 2 za klorini kwa kila lita. Hizo ni gramu 10 kwa saa. Dawa ya asilimia 1 ina gramu 10 katika lita, basi pampu itoe lita 1 kwa saa, yaani mililita 100 kwa dakika 6. Mwambie fundi atumbukize mrija wa kunyonya katika chombo chenye alama za vipimo, awashe pampu huku kisima kikisukuma maji kama kawaida, kisha mtazame saa pamoja. Namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha pampu haitoshi, kwa kuwa msukumo wa maji bombani huibadili.

Majaribio ya kwanza yafanywe kwa maji matupu, ili kiungo kinachovuja kijulikane kabla ya dawa kuingia. Anayechanganya dawa avae glavu na miwani ya kinga, mahali penye hewa. Unga wa klorini hutiwa ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya unga. Wala dawa hiyo isikutane na asidi, hata ile ya kusafishia choo, maana hutoka gesi inayoua.

Kazi ikiisha, subirini dawa ikae na maji kwa muda usiopungua dakika 30, kisha pimeni katika bomba la mbali kabisa. Klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Ikiwa haipo kabisa, au maji yananuka kwa ukali, fundi arudi kurekebisha, na malipo ya mwisho yangoje.