Dhamana ya Prosesa

Leo tutazungumza juu ya dhamana ya prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu za kompyuta.

Mwaka 2024 ilijulikana kwamba baadhi ya prosesa za Intel Core za kompyuta za mezani, kizazi cha 13 na cha 14, zilipata volti kupita kiasi zikaharibika. Kompyuta huzimika ghafula, na programu hukwama. Intel ilitoa programu ya kuzuia madhara hayo, lakini prosesa iliyokwisha kuharibika haiponi. Dawa yake ni kubadilishwa. Kwa hiyo kampuni iliongeza dhamana kwa miaka 2, kutoka 3 hata 5, tangu siku ya kununua.

Basi ufanye nini? Kama ulinunua prosesa peke yake katika boksi lake, iandikie Intel. Kama ilikuja ndani ya kompyuta, mwendee aliyeiunda au aliyekuuzia kompyuta hiyo. Taja siku uliyonunua, namba iliyoandikwa juu ya prosesa, na ubovu unaouona. Peleka nakala ya risiti. Yenyewe ibaki kwako.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Jioni hii itafute risiti yako, uisome mwenyewe. Kwaheri.