Gramu na Kikombe: Maneno juu ya Kupima Unga wa Mkate



Leo nataka kusema nanyi juu ya kupima unga. Labda mtu atasema moyoni, "Unga tumeupima tangu zamani, tutafundishwa nini?" Ngojeni kidogo, msikilize kwanza.

Mtu wa machimbo akipeleka dhahabu yake kwa mnunuzi, haipimi kwa macho. Huitia katika mizani. Ajua kwamba tola moja ni gramu 11 na theluthi mbili, na ikipungua chembe atauliza. Lakini nyumbani kwake unga wa mkate huchotwa kwa kikombe chochote kilicho karibu, leo kikubwa, kesho kidogo. Dhahabu ina mizani, unga hauna. Na wengi wenu, kutoka Uvira kushika njia ya Makobola, Mboko na Baraka hata Fizi, mwapata fedha kwa mikate na mandazi mnayowauzia wachimbaji. Unga wa ngano mwaununua dukani kwa gunia. Basi anayeupoteza, hupoteza fedha.

KWA NINI KIKOMBE HUDANGANYA

Kikombe hupima nafasi, gramu hupima uzito. Mambo haya mawili si mamoja. Twaeni kikombe cha robo lita. Mkikijaza maji, mna gramu 250. Mkikijaza sukari, mna kama gramu 200. Mkikijaza unga wa ngano uliomiminwa polepole, mna kama gramu 125 tu. Kikombe ni kile kile, uzito ni mbalimbali. Kwa hiyo mtu akisoma katika karatasi ya Kifaransa "unga gramu 250", asidhani kuwa ni kikombe kimoja kwa sababu maji ni hivyo. Ni vikombe viwili.

Tena unga wenyewe hubadilika. Ukiuchekecha na kuumimina, hukaa mwepesi. Ukichovya kikombe ndani ya gunia na kukandamiza kwa kidole, kikombe kile kile chaweza kuchukua gramu 155 au zaidi. Hapo ndipo hasara inapoingia.

JINSI YA KUTENGENEZA MIZANI

Asiye na mizani ya duka asikate tamaa. Kijijini vitu vyote vyapatikana.

1. Twaa fimbo iliyonyoka, urefu wake kama meta moja. Pima katikati sawasawa, toboa, tia kamba, uitundike.

2. Katika kila ncha funga sahani au kopo. Masahani yawe ya namna moja, na kamba ziwe na urefu mmoja. Fimbo ikilala upande mmoja, bandika udongo kidogo upande ulio mwepesi mpaka ikae sawa.

3. Sasa tafuta jiwe la mizani. Nunua chupa ya maji ya nusu lita, usiifungue. Maji ya nusu lita yana uzito wa gramu 500. Tafuta na chupa nyingine ya namna ile ile iliyo tupu, pamoja na kifuniko chake.

4. Weka chupa ya maji upande mmoja, na chupa tupu upande wa pili. Upande wa ile tupu mimina unga polepole mpaka fimbo ikae sawa. Unga huo ni gramu 500, yaani nusu kilo.

5. Jaribu uaminifu wa mizani: badilisha pande. Fimbo ikikaa sawa tena, mizani ni ya haki. Ikiinama, tengeneza upya.

6. Ondoa chupa zote mbili. Gawanya ule unga wa gramu 500 katika sahani mbili mpaka zilingane: kila sahani ina gramu 250. Weka fungu moja kando, gawanya lile jingine vivyo hivyo: una gramu 125. Huna haja ya jiwe jingine.

JINSI YA KUTIA ALAMA KATIKA KIKOMBE

Si lazima kupima kwa mizani kila siku. Pima mara moja, kisha kikombe kifanye kazi. Fungua chupa yako ya nusu lita, ugawanye maji yake katika makopo mawili yaliyo sawa mpaka yalingane. Maji yalipofika, piga alama kwa msumari. Hiyo ndiyo robo lita. Kausha kopo, chekecha unga, umimine mpaka alama bila kutikisa wala kukandamiza, kisha uupime pamoja na lile fungu la gramu 125. Ukilingana nalo, mkono wako umejua kazi. Ukizidi, ulishindilia, rudia mpaka ulingane. Karibu na ziwa hewa ina unyevu, na unga hushikamana. Kwa hiyo msiache kuuchekecha.

HESABU YA MKATE WA KILO MOJA

Unga wa ngano, gramu 1,000: vikombe 8.
Maji, gramu 625: vikombe 2 na nusu.
Sukari, gramu 50: robo kikombe.
Mafuta, gramu 40: vijiko vikubwa 3.
Chumvi, gramu 18: vijiko vidogo 3.
Hamira kavu, gramu 9: vijiko vidogo 3.

Vijiko vyote visawazishwe kwa kisu, visiwe na kilima juu. Jumla yake ni kinyunya cha gramu kama 1,740. Ukikata vipande vya gramu 100, utapata mikate 17.

Sasa tazameni hasara. Gunia la kilo 25, kwa kikombe cha haki, hutoa kanda 25. Lakini anayeshindilia hutia gramu 1,240 katika vikombe vile vile 8. Gunia lake litaisha baada ya kanda 20. Amepoteza kanda 5, nazo ni mikate 85, kwa maana mikate yake yazidi uzito kidogo, lakini bei ni ile ile. Na ubaya wa pili: unga umezidi maji, kinyunya ni kigumu, mkate haufuri vizuri nao hukauka upesi. Mkate ukauke njiani kabla haujafika machimboni, nani ataununua kesho?

NENO JUU YA MUHOGO

Bonde la Ruzizi lina mihogo. Yafaa kupunguza unga wa kununua: katika kilo moja tieni gramu 900 za ngano na gramu 100 za unga wa muhogo uliokaushwa vema na kuchekechwa kwa chekeche laini. Msizidishe mwanzoni, maana muhogo hauna nguvu ya kuvutika kama ngano. Muhogo mchungu sharti uloweshwe kwanza na kukaushwa, kwa sababu una sumu. Idadi ya vikombe siwaambii, kwa kuwa kila kinu husaga namna yake. Upimeni katika mizani yenu, kisha tieni alama ya pili katika kopo.

Neno la mwisho. Wazee wamesema, haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini haba na haba hukimaliza pia. Kidole kimoja kinachokandamiza unga kila asubuhi kimekula gunia zima kabla ya mwaka kwisha. Basi rudini nyumbani, tafuteni fimbo, chupa mbili na msumari. Mkiisha kutia alama katika kopo, mwonyesheni na jirani, ili kijiji kizima kiwe na kipimo kimoja.