Kabla ya Kutoboa Ukuta



Huenda baadhi yenu mnashangaa kwa nini polisi wamesimama mbele yenu kuzungumzia kutoboa ukuta, kazi ambayo kwa kawaida ni ya fundi. Sababu ni kwamba sisi wenyewe huwahimiza wananchi kufunga makomeo imara, taa za nje na kamera za ulinzi. Vyote hivyo hudai tundu ukutani, na tundu lililotobolewa bila kufikiri huweza kuleta hasara kubwa kuliko ile ya mwizi.

Jambo la kwanza ni jirani. Maduka na vyumba vingi vya miji ya mpakani huegemea ukuta mmoja. Drili ikinguruma usiku, aliye upande wa pili hana namna ya kujua kama anayetoboa ni mwenye nyumba au mvunjaji. Akipiga yowe, watu hukusanyika na mawe mkononi, na fundi asiye na hatia huweza kupoteza uhai kabla hatujafika. Tunawasihi mfanye kazi hiyo mchana, mkiwa mmemjulisha jirani na mwenyekiti wa LC1. Ukuta ukiwa wa watu wawili, pateni idhini ya yule wa pili. Mpangaji naye aanze kwa mwenye nyumba. Nanyi mnaosikia kishindo mnachokitilia shaka, pigeni simu 999 upande wa Uganda au 112 upande wa Tanzania, wala msijichukulie sheria mkononi.

Jambo la pili ni kilichomo ndani ya ukuta, kwa maana lipu huficha mengi. Katika ukuta wa matofali ya zege yenye uwazi ndani, nondo za wima hupita kwenye nafasi zilizojazwa zege, hasa penye kona na kandokando ya milango na madirisha. Nondo za mlalo hulala katika lenta, ule mkanda wa zege ulio juu ya milango na madirisha. Tundu la kupitisha waya au bomba liwe mbali na sehemu hizo. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoipiga Kagera na kutikisa hata upande wa Uganda, nyumba nyingi za matofali zilipasuka na nyingine zikaanguka. Siku kama ile, nondo na lenta ndizo huzishika kuta zisiachane. Anayekata nondo ili apitishe waya wa kamera anamfungia mwizi mlango huku akiilegeza nyumba yake mwenyewe.

Nyaya za umeme nazo mara nyingi hupita juu, chini au kandokando ya swichi na soketi, kwa hiyo msitoboe kwenye mistari hiyo. Uzimeni umeme wa chumba hicho na mtumie drili ya betri. Mkiwa na shaka, mwiteni fundi umeme.

Jambo la tatu ni utaratibu wenyewe. Vaeni miwani ya kinga na barakoa, kwani vumbi la zege huharibu mapafu. Anzeni na biti ya zege iliyo nyembamba, kama milimita 6. Biti ikikataa kusonga, mlio ukabadilika na chembe za chuma zikang'aa kwenye vumbi, mmefika kwenye nondo. Simameni, msogeze tundu sentimita chache, wala msilazimishe. Tundu jembamba likitokea upande wa pili, lipanueni kutoka pande zote mbili ili uso wa tofali usimeguke. Liinamishwe kidogo kuelekea nje mvua isiingie, livishwe bomba la plastiki, kisha pengo lililobaki lizibwe kabisa. Maji yakiifikia nondo huipa kutu, na kutu huvimba na kuipasua zege.

Kwa wanaofunga vyuma vya madirisha, boliti zisishikizwe kwenye ganda jembamba la tofali lenye uwazi, kwa sababu mtaimbo huzing'oa kwa urahisi. Fundi azizamishe kwenye zege iliyojaa, akipita kando ya nondo.

Ndugu wananchi, ulinzi wa nyumba una sehemu tatu: komeo linalofunga, ukuta unaosimama na jirani anayekujua. Tusitoboe kwa ajili ya la kwanza tukayaharibu hayo mawili mengine.