Msimbazi Kwenye Picha: Kamera Haioni Vijidudu

(Mazungumzo na wanafunzi wa klabu za afya, Dar es Salaam, kabla ya shindano la picha za mto)



Najua mliposikia kwamba kuna shindano la picha za kuusifia Mto Msimbazi, wengi mlicheka. "Dada, mto gani huo wa kusifiwa? Ule unaonuka?" Ndiyo, huo huo. Na afadhali mmecheka, maana tukianza na ukweli hatutadanganyana mbele ya safari.

Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unateremka kama kilometa 35 kupitia Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini pale Daraja la Selander. Huko mwanzoni ni kijito tu. Mwishoni kuna mikoko na ndege weupe wamesimama kwenye tope. Hapo katikati ndipo watu wanaposhika pua. Lakini hapo katikati ndipo wanapoishi watu, na mimi nikiwa jaji sitashangaa picha ya kwanza ikitoka huko. Picha za jua linazama nyuma ya daraja tunazo za kutosha, jamani!

Shindano ni la wapiga picha wa ridhaa. Simu inatosha, hata ya kuazima kwa kaka. Sharti ni moja tu: kila picha iwe na maelezo ya sentensi mbili au tatu. Kwa nini? Hebu fikiria tuta la mchicha pembeni ya mto, saa moja asubuhi, majani yana umande. Picha nzuri sana. Sasa, je, unajua kwamba mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya kupima mboga zilizolimwa kando ya mito ya Msimbazi na Sinza, wakakuta madini mazito kama risasi na kadimiamu? Madini hayo mmea huyanyonya kwa mizizi. Uoshe mchicha mara tatu, uchemshe, bado yamo. Kamera haioni risasi. Haioni kijidudu cha kipindupindu pia, kama kile kilichotusumbua tangu Agosti 2015, ugonjwa ulipoanzia hapa Dar ukasambaa mikoani. Picha itaonyesha kijani, wewe ndiye utakayesema kilichofichika.

Ila tuelewane. Yule mama mwenye tuta si mchafuzi. Analima kwa sababu ardhi ipo na maji yapo. Uchafu umetoka juu: viwandani, kwenye mifereji, na kwa wale wanaosubiri mvua kubwa ndipo watapishe vyoo usiku. Ukimpiga picha mama huyu kana kwamba ni mhalifu, umekosea mtu.

Kwa hiyo anza na shikamoo. Jitambulishe, eleza picha ni ya nini, na omba ruhusa. Akikataa, weka simu mfukoni bila kununa. Mtoto, muulize mzazi wake. Watu wanaooga usiwapige kabisa, hata kwa mbali. Na kule Jangwani, ambako nyumba nyingi zimebomolewa kupisha mradi wa bonde, usimwambie mtu asimame mbele ya kifusi atabasamu. Kaa naye kwanza. Wengine pale wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi kuhamishiwa Mabwepande. Atakachokuambia ndiyo maelezo ya picha yako.

Sasa la afya yako mwenyewe, na hapa sitanii. USIINGIE MAJINI. Najua utaona kwamba ukisogea hatua mbili tu picha itakuwa kali zaidi. Maji yenye konokono wa kichocho yana vimelea wanaopenya ngozi nzima isiyo na kidonda, wala husikii kitu. Baadaye ndipo unakojoa damu, halafu unaona aibu kusema. (Ukiona damu, nenda hospitali. Dawa ipo, na aibu haitibu.) Tena kuna homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022. Hiyo huletwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, ukichanganyika na maji au tope, na mchubuko mdogo unatosha kuupitisha. Vaa viatu vya kufunika, nendeni wawili au zaidi, na wingu likiwa zito upande wa Pugu ondokeni bondeni, hata kama mlipo hainyeshi. Maji hufika kabla ya mvua.

Nataka pia picha za furaha. Vijana wanacheza mpira bondeni, mvuvi kule mdomoni mwa mto, bibi anayekumbuka alipokuwa akichota maji ya kunywa humo. Furaha hizo ni za kweli na zina haki ya kuonekana.

Kuna aliyeniuliza wakati wa chai: "Dada, nikimkuta mtu anatapisha choo mtoni, nimpige?" Piga bomba na mahali, uso usiupige. Usimfokee, usibishane naye. Na picha hiyo kabla hujaileta kwenye shindano, mpelekee mwenyekiti wa serikali ya mtaa au bwana afya wa kata, ukiwa na mwalimu wako.

Haya, yule wa nyuma aliyeinua mkono, uliza.