Damu ya Mbwa na Paka Wetu

Mwaka 1994, maradhi ya distempa ya mbwa yalipoingia Serengeti, mbuga iliyo jirani na Itilima yetu, yakaangamiza takriban simba elfu moja, yaani thuluthi ya simba wake, ilikuwa ni damu, ya simba na ya mbwa wa vijijini, iliyowadhihirishia wataalamu njia ya balaa ile.

Basi mbwa alindaye ng'ombe wetu na paka alindaye ghala, hata wakionekana wenye siha, yastahili wapimwe damu walau mara moja kwa mwaka. Kwani katika tone moja chini ya darubini huweza kuonekana babesia, kimelea kiletwacho na kupe, na vipimo vingine hufichua upungufu wa damu, au ini na figo zilizoanza kudhoofu ilhali mwili haujatoa ishara. Kichaa cha mbwa, lakini, hakitambuliwi kwa damu ya mnyama aliye hai: kinga yake ni chanjo.

Tafadhali, mwoneni afisa mifugo wa kata, awaelekeze namna sampuli ihifadhiwavyo katika ubaridi hadi ifike kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, Mwanza.